Umebakiza Tasnifu: Mwongozo wa Mwalimu Anayesoma Masta Mtandaoni

Karibu kila shule ina mwalimu mmoja anayesoma masta. Ukimuuliza amefikia wapi anajibu, "Namalizia, nimebakiza tasnifu." Mwaka unapita, kidato cha nne wanaondoka wanaingia wengine, ukimuuliza tena bado amebakiza tasnifu. Katika shule yetu ya kata wilayani Namtumbo mwalimu huyo nilikuwa mimi. Nilizidisha mwaka mmoja na miezi minne juu ya muda niliopangiwa. Mwanzoni wenzangu walikuwa wakinitania ofisini, "Madam, hiyo digrii yako haiishi?" Baadaye wakaacha kuuliza, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Nilimaliza lakini. Wengi hudhani moyo wa kusoma unauawa na wingi wa kazi. Kwangu, na kwa wenzangu wawili niliosoma nao kwa karibu, haikuwa hivyo. Wakati wa kozi tulikuwa na kazi hadi puani na tuliziwasilisha zote. Moyo ulikufa baadaye, pale ambapo hapakuwa na mtu wa kutuuliza chochote. Kwa hiyo mwongozo huu, ukiuangalia vizuri, unahusu zaidi jinsi ya kupambana na ukimya. Hatua hazilingani uzito. Ya sita ndiyo iliyonitesa; kama una dakika kumi tu, anza nayo.

Hatua ya 1: Kabla ya ada, tafuta karatasi na tafuta swali

Karatasi kwanza, maana ndizo zinazovunja moyo zikija kugundulika mwishoni. Kama umeajiriwa na serikali, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kupitia kwa mkuu wa shule, hata kama utasoma usiku ukiwa kituoni kwako, na nakala yenye muhuri itunze. Kama chuo kiko nje ya nchi, uliza mapema Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kuhusu utambuzi wa tuzo yake. Halafu mwone afisa utumishi wa halmashauri akueleze shahada hiyo itaingiaje kwenye muundo wa kada yako. Habari za kwenye basi kwamba ukimaliza tu mshahara unaruka zimewafanya walimu wengi wasome kwa hasira.

Sasa swali. Ukiulizwa kwa nini unasoma, jibu la "nataka kupanda" ni halali kabisa, wala usilionee aibu. Tatizo lake ni kwamba malipo yake yako mwisho wa safari, na wewe unahitaji kitu cha kukusukuma Jumanne ya wiki ya tisa, umeme umekatika na una daftari 80 za kusahihisha. Kitu hicho kitafute darasani kwako.

Langu nililipata kwenye kidato cha kwanza. Kuna mtoto alikuja ubaoni akatafuta KDS ya 12 na 18, chaki mkononi, bila kusita: 36. Wiki iliyofuata nikatoa zoezi, swali lile lile, namba zile zile, ila limeandikwa kwa Kiingereza na lina herufi LCM. Akaacha nafasi wazi. Nilipomwita akaniambia, "Madam, hii hatujafundishwa." Alikuwa amefundishwa tangu shule ya msingi, kwa Kiswahili, kwa jina la Kigawe Kidogo cha Shirika. Nikaandika sentensi moja kwenye karatasi ngumu: "Nataka kujua wanafunzi wangu wanaipotezea wapi Hisabati wanapovuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza." Nikaibandika ukutani juu ya meza. Sentensi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa tasnifu, na kuna siku nyingi sana ambazo sikuwa na hamu ya shahada lakini nilikuwa na hamu ya kumjibu yule mtoto.

Andika ya kwako. Iwe sentensi moja, iwe na mwanafunzi ndani yake. Kama haina mwanafunzi, irudie.

Hatua ya 2: Hesabu saa ulizonazo kweli

Chukua wiki moja ya kawaida, andika kila jioni muda ulivyokwenda. Usijitungie. Mimi nilikuwa najidanganya kwamba nina saa 20 kwa wiki. Nilipohesabu zilikuwa tisa, na wiki ya zamu zilikuwa tatu, kwa sababu mwalimu wa zamu anafika shuleni kabla ya wanafunzi na anaondoka baada ya wote. Saa tisa zinatosha kumaliza masta. Saa 20 za kufikirika hazitoshi, kwa kuwa kila Jumapili utajiona umeshindwa kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Baada ya hapo ichukue kalenda ya mwaka mzima na uweke alama nyekundu kwenye majuma yaliyokufa. Mwalimu wa sekondari anajua: Mei kuna kidato cha sita, Novemba kuna kidato cha pili na cha nne. Wa msingi ana Septemba yake ya darasa la saba. Kama huwa unaitwa kusimamia au kusahihisha mitihani ya taifa, ongeza majuma hayo. Na kwetu Ruvuma, mwalimu ambaye hana shamba ni wa kuhesabu kwa vidole. Mvua zikianza kati ya Novemba na Desemba, Jumamosi ni ya mahindi, tusidanganyane. Weka nyekundu. Majuma yaliyobaki ndiyo mtaji wako, na utaona likizo ya Juni ina thamani kuliko ulivyodhani.

Kisha vipe vipindi. Sisi walimu ni watu wa ajabu: kipindi cha Hisabati kinachoanza saa mbili na dakika arobaini asubuhi hatukiulizi kama tuna hamu nacho, kengele ikigonga tunabeba chaki tunaingia. Masomo yako nayo yawekee kengele. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake ya 1999, alieleza kwamba anayepanga kwa umbo la "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza zaidi kuliko anayeazimia tu. Kengele yangu ya Jumamosi ilikuwa kuku: nikishafungulia banda saa kumi na mbili asubuhi, naketi mezani na kufungua faili nililoliacha wazi. Siku za kazi niliamka saa kumi na nusu alfajiri, siku tatu tu kwa wiki. Nilijaribu tano nikawa nasinzia darasani, wanafunzi wakanicheka, nikarudi tatu.

Hatua ya 3: Umeme, bando na flashi

Hapa sitakawia. Pakua vitu vya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, usiku, kama una bando la usiku. Vyuo vingi vinatumia mfumo wa Moodle, na programu yake ya simu inakuruhusu kupakua masomo ukayasoma bila intaneti. Wengi wanamaliza kozi hawajui hilo. Kwenye Zoom zima kamera na uombe rekodi. Makala za elimu za bure zitafute ERIC, kanzidata ya Wizara ya Elimu ya Marekani, na kupitia Google Scholar. Marejeo yako yatunze kwenye programu ya Zotero tangu wiki ya kwanza. Ni ya bure, na itakupangia orodha kwa mtindo wa APA toleo la 7 wakati wenzako wanahamisha nukta moja moja usiku wa manane.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Nilikwenda steshenari kuchapa kurasa 19 za sura ya pili. Kijana akaichomeka flashi yangu kwenye kompyuta ya dukani, akachapa kurasa mbili, wino ukaisha, nikarudi nyumbani. Nilipoifungua, mafaili yote yamegeuka vialama vidogo vya njia ya mkato, ukibonyeza hakuna kitu. Na kwenye kompyuta yangu nilikuwa na nakala ya miezi miwili nyuma, kwa kuwa nilizoea kufanyia kazi kwenye flashi moja kwa moja. Nililia, kisha nikaandika upya kurasa 17 zilizobaki kutoka kichwani. Tangu siku hiyo nakala ni tatu: kwenye kompyuta, kwenye hifadhi ya mtandaoni, na moja ninajitumia mwenyewe kwa barua pepe kila Jumapili. Steshenari napeleka PDF kwa WhatsApp.

Hatua ya 4: Kazi za kozi zifanye mbegu za tasnifu

Kila ukipewa kazi yenye uhuru wa kuchagua mada, irudishe kwenye sentensi ya ukutani. Somo la mitaala? Niliandika kuhusu lugha kwenye mtaala wa Hisabati. Somo la upimaji? Nilichambua maswali ya mtihani wa muhula wa shule yetu, nikahesabu maneno ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hawezi kuyajua. Uongozi na mipango ya elimu ilinishinda kidogo, nikaandika kuhusu programu ya wiki za mwanzo za kidato cha kwanza. Nilipofika kwenye tasnifu nilikuwa na zaidi ya nusu ya usomaji mkononi. Mwenzangu aliyekuwa akichagua mada rahisi kila mara alianza upya kutoka sifuri, na alikuwa na akili kuliko mimi.

Hatua ya 5: Tafuta wawili, waache 86

Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na watu 86. Humo kulikuwa na salamu za asubuhi, matangazo ya misiba, na kila baada ya siku tatu mtu anauliza tarehe ya mwisho iliyokwishatajwa mara tano. Zuri kwa habari. Kwa moyo halifai, maana ukipotea humo hakuna atakayegundua.

Vincent Tinto, ambaye mwaka 1975 alitoa nadharia yake maarufu kuhusu wanaoacha chuo, alisisitiza kuunganika kwa mwanafunzi na watu na maisha ya chuo chake. Alikuwa akiwazungumzia wanafunzi wa kampasi za Marekani wanaokutana bwaloni. Sisi bwalo hatuna, inabidi tulijenge. Tulikuwa watatu: mimi, mwalimu mmoja wa Kahama na mwingine wa Pemba. Kila Jumapili saa mbili usiku, kwa ujumbe wa sauti, kila mtu anajibu maswali matatu: umeandika nini, umekwama wapi, Jumapili ijayo utaleta nini. Asiyeleta alichoahidi anawarushia wenzake vocha ya elfu moja moja. Ni hela ndogo, ila utashangaa mtu mzima anavyoandika kurasa mbili saa moja na nusu usiku kuokoa elfu mbili.

Na nyumbani zungumza mapema. Usiseme "nitakuwa busy". Sema saa ngapi, siku zipi, mpaka mwezi gani, na nani atabeba nini. Mume wangu alikubali kupika Jumamosi asubuhi. Alichokataa ni mimi kushika simu wakati wa kula, na alikuwa na haki. Mama mkwe yeye aliamini mpaka mwisho kwamba masomo yasiyo na darasa ni utapeli. Nilimwachia.

Hatua ya 6: Ukishamaliza kozi, ukimya unaanza

Sasa hapa. Mwezi uliofuata mtihani wangu wa mwisho wa kozi nilijisikia huru kama ndege. Hakuna kazi ya Ijumaa, hakuna jukwaa la mjadala, hakuna alama. Nikajiambia nipumzike kidogo halafu nianze pendekezo la utafiti. Nikapumzika miezi mitatu.

Watu wamekuwa wakisoma mbali na chuo kwa muda mrefu. UNISA ya Afrika Kusini ilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, Open University ya Uingereza ikaundwa 1969, na kwetu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikaundwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992. Msomi Michael G. Moore, aliyetafakari sana elimu ya namna hii, alisema umbali unaomhusu mwanafunzi haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa mazungumzo na mpangilio: mazungumzo yakipungua na mpangilio ukilegea, mwanafunzi anabaki kujiendesha mwenyewe. Niliposoma hivyo nilijiona. Wakati wa kozi nilikuwa Namtumbo na chuo kiko jirani. Wakati wa tasnifu nilikuwa Namtumbo ile ile na chuo kimehamia mwezini. Kwa hiyo kazi yako kuanzia hapa ni kutengeneza mpangilio na kulazimisha mazungumzo, kwa mikono yako.

Mpangilio: jiwekee tarehe za mwisho na uzitangaze kwa mtu. Usiandike "sura ya kwanza Machi." Andika "usuli wa tatizo, kurasa nne, Ijumaa tarehe 7," na uwaambie wale wawili.

Mazungumzo: mwandikie msimamizi kila baada ya wiki mbili, uwe na kitu au usiwe nacho. Wasimamizi wana wanafunzi wengi, wana vikao, nao wana misiba yao; akinyamaza usijenge hadithi kwamba amekuchukia. Ujumbe uwe mfupi, uwe na swali moja linalojibika kwa dakika tano. Huu ni mmoja wa zangu:

"Shikamoo Dokta. Ni mwanafunzi wako wa Namtumbo. Wiki hizi mbili nimemaliza maelezo ya sampuli katika sura ya tatu, ukurasa wa 38 hadi 41. Nimekwama kwenye kuchagua shule: nichukue za kata peke yake, au niongeze moja ya bweni? Naomba maoni yako kwa hilo moja tu. Nitakuandikia tena Ijumaa tarehe 14."

Tarehe ya mwisho wa ujumbe ndiyo dawa yenyewe. Umejifunga, na asipojibu una sababu ya adabu ya kuandika tena.

Lakini nisiwasingizie wasimamizi. Ukimya mrefu kuliko yote ulikuwa wangu. Nilituma sura ya pili, ikarudi baada ya siku 20 ikiwa na maoni 57. Niliona tu ule ukingo wa kulia umejaa rangi, nikafunga faili. Nikakaa majuma 11 bila kulifungua. Kila nilipoikumbuka tumbo lilikaza, na kadiri siku zilivyozidi ndivyo nilivyoona haya kuandika, kwa sababu ningeanzaje? Msimamizi akanitumia meseji mbili. Sikujibu. Mtu ninayewachapia wanafunzi mahubiri ya uwajibikaji kila Jumatatu paredi.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa Pemba. Alinipigia akasema, "Nirushie mimi, niyasome kabla yako." Akayasoma, akanitumia hesabu: maoni 34 ni ya mkono tu, nukta, marejeo yasiyo na mwaka, vichwa vya majedwali. Kumi na saba yanataka aya moja moja ya maelezo. Sita ndiyo mazito. Sita! Nilikuwa nimekimbia majuma 11 kwa ajili ya maoni sita.

Tangu hapo kila maoni yakirudi nafanya hivi. Siku ya kwanza nasoma yote mara moja, sishiki kitu, nafunga, naenda kuosha vyombo. Siku ya pili nachora jedwali lenye safu nne: maoni yenyewe, nitakachofanya, ukurasa, tayari au bado. Naanza na yale ya mkono kwa sababu yanaisha haraka na jedwali linajaa "tayari," moyo unarudi. Mazito nayabakiza ya Jumamosi, moja kwa kila Jumamosi. Moja kati ya yale sita lilikuwa na maneno mawili tu: "Kwa hiyo?" Lilinichukua asubuhi tatu, na ndilo lililoifanya sura ile isomeke. Jedwali likishajaa unalituma pamoja na sura iliyorekebishwa. Msimamizi anaona ulichofanya bila kuwinda, na anajibu haraka zaidi.

Kama tayari umepotea na unaona haya, andika leo mistari mitatu: "Shikamoo. Nilinyamaza, naomba radhi. Nimerudi na nitaleta ukurasa kadhaa tarehe fulani." Usieleze sababu kurasa mbili. Mimi nilijibiwa kwa neno moja, "Karibu."

Hatua ya 7: Kibali na kwenda kukusanya data

Barua za kibali huchukua muda, na wengi hupoa wakizisubiri. Njia ya kawaida kwa utafiti wa shuleni hapa Tanzania ni barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa wakuu wa shule. Anayesajiliwa chuo cha nje aulizie mapema Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Omba pendekezo likipita tu, na wakati unasubiri jaribu dodoso lako kwa wanafunzi wachache ambao hawatakuwa kwenye sampuli. Mimi niligundua neno "istilahi" halikueleweka na mtoto hata mmoja.

Usipange kukusanya data mwezi wa mitihani. Mkuu wa shule hatakukatalia, atakupa tu chumba kisicho na watu.

Data zikianza kuingia, moyo hurudi wenyewe. Jioni ya kwanza nilikaa na karatasi 40 za majibu nikasahau chakula jikoni mpaka kikaungua.

Hatua ya 8: Siku mbaya, na miezi mibaya

Siku mbaya iwe na kazi yake. Nilikuwa na orodha ya vitu visivyotaka akili: kupanga kurasa, kukagua kama kila aliyetajwa ndani yuko kwenye marejeo, kuandika ukurasa wa shukrani. Dakika 25, basi. Nikiona mambo yamekubali naendelea, yasipokubali nafunga bila kujilaumu. Na siku moja kwa wiki usifungue kompyuta kabisa.

Mwezi mbaya ni kitu kingine. Ukiuguliwa, ukifiwa, ukijifungua, ukihamishwa kituo, usipotee kimya kimya. Omba kuahirisha masomo kwa maandishi. Vyuo vina utaratibu huo, na aliyeahirisha rasmi anarudi akiwa mwanafunzi. Aliyetoweka anarudi akikuta muda wa usajili umekwenda na ada zimelimbikizana. Fomu yenyewe huwa ni ukurasa mmoja au miwili.

Kuhusu akili unde, neno moja. Itumie kukueleza takwimu usizozielewa, au kukuuliza maswali ya mtihani wa mdomo. Ukiiachia iandike, itakutungia makala ambazo hazipo, zenye waandishi na miaka yake, na siku ya kutetea utaulizwa umezisoma wapi. Tena utakuwa umejinyima kile ulichokifuata, maana ChatGPT haijawahi kumwona yule mtoto wangu wa KDS.

Hatua ya 9: Kutetea, na ile miezi ya baada ya kutetea

Kabla ya siku ya kutetea, ifundishe tasnifu yako. Chora ubao, simama, eleza kwa dakika 15. Mimi niliwafundisha walimu wenzangu wanne ofisini, kwa Kiswahili, na mwalimu wa Kilimo akaniuliza swali ambalo wiki mbili baadaye jopo liliniuliza karibu neno kwa neno: "Umejuaje ni lugha, siyo kwamba hawajui hesabu?"

Ukishatetea utapewa orodha ya marekebisho na muda. Hapa napo watu hukwama, kwa sababu sherehe imeshafanywa na kichwa kimeshatoka. Yafanye ndani ya siku kumi, kabla hujawaambia watu wakuite msomi, kwa jedwali lile lile la safu nne. Kisha sahihi, kisha kuchapa na kujalidi, kisha cheti kipeleke kwa afisa utumishi kikaingie kwenye jalada lako, pamoja na ile barua ya ruhusa yenye muhuri uliyoitunza tangu hatua ya kwanza. Mimi niliulizwa barua hiyo kabla ya cheti.

Nakala moja ya tasnifu niliiacha ofisi ya taaluma. Juzi mwalimu mpya wa Hisabati aliichukua rafuni, akaruka sura zote tano, akaenda moja kwa moja kwenye kiambatisho cha mwisho. Ni orodha ya maneno 120 ya Hisabati, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Akaipiga picha kwa simu, akaenda darasani.